Sura ya Sita: Nani Atakitoa?

Mwanamke mwenye silikoni kifuani ukimtafuta Dzaleka utachoka miguu. Mtu mwenye kitu cha kiwandani ndani ya mwili wake utampata kabla hujamaliza safu ya kwanza ya vibanda. Mama muuza dagaa ana vijiti viwili vya uzazi wa mpango chini ya ngozi ya mkono. Kijana aliyeanguka na kabaza, ile baiskeli au pikipiki ya abiria ya Malawi, ana chuma ndani ya mfupa wa paja. Dada msusi hana kitu ndani ya mwili, ila kwenye simu amehifadhi picha za nyonga za wasanii wa Kinshasa na Dar es Salaam, na wateja wake humsikia akiuliza: zile zinawekwaje, na ni bei gani?

Swali lake ni halali na sura hii italijibu. Lakini kuna swali la pili ambalo wauza urembo hawapendi kulisikia, na ndilo linalotenganisha tiba na biashara: kitu hicho kikiharibika, nani atakitoa?

Kambi yenye saluni

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kilomita 45 hivi kaskazini mwa Lilongwe. Enzi za Rais Hastings Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994, utawala wake ulipofikia mwisho, pakageuzwa kambi ya watu waliokuwa wakikimbia vita vya Maziwa Makuu. Palipangiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa wamepita 50,000, wengi wao Wakongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda. Kiswahili cha Bukavu, Uvira na Bujumbura kinasikika kwenye foleni ya maji, sokoni na kanisani, kikipishana na Kichewa cha wanakijiji wa jirani wanaokuja kuuza mazao na kutibiwa katika kituo kilekile cha afya. Sehemu za kambi zimepewa majina ya miji na mitaa ya Malawi, kama Blantyre, Zomba, Kawale na Likuni, kana kwamba nchi nzima imekunjwa ikawekwa kwenye kilima kimoja.

Mgeni anayeijua kambi kwa picha za magazeti tu hushangazwa na saluni. Zipo nyingi, na zina kazi. Wapo mafundi cherehani wanaobana gauni la kaunjika, yaani mtumba, likamkaa mtu kama lilishonwa kwa ajili yake. Lipo pia Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi Mkongo Menes La Plume, ambalo huwaleta watu kutoka Lilongwe kuja kucheza, kusikiliza na kutazamana. Mtu aliyepoteza nyumba, shamba na vyeti vya shule bado ana mwili, na mwili huo ndio anaoingia nao sokoni, harusini na ofisini kwa watu wa misaada. Kuutunza ni sehemu ya kujitunza heshima.

Katika mazingira hayo, unene una lugha yake. Mgawo wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) umepunguzwa mara kadhaa kwa ukosefu wa fedha, na nyumba ambayo mama yake amekonda haihitaji kutangaza shida zake. Wanaokumbuka Malawi ya kabla ya mwaka 2004, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa bure kwa wingi, wanajua kwamba kukonda kulikuwa hukumu: watu walikutazama mashavu kisha wakakuhesabia siku. Kwa hiyo mwanamke anayetamani nyonga pana Dzaleka hatamani shepu ya video tu. Anatamani kuonekana kwamba maisha yamemkubali.

Ngazi ya shepu

Njia za kufika huko zimepangika kama ngazi, kutoka ya bei ya sokoni hadi ya bei ya ndege.

Ya chini kabisa ni kigodoro, chupi au kaptura iliyoshonewa sponji kwenye makalio na nyonga. Wenye kucheka hucheka, lakini kigodoro kina sifa moja ambayo hakuna kifaa kingine cha ngazi hii kinayo: mwenyewe hukivua usiku bila kumwomba mtu msaada, na asubuhi akiamua kutokivaa mwili wake haujui tofauti.

Juu yake kuna makopo na vidonge. Kusini na mashariki mwa Afrika, malhamu inayouzwa kwa jina la Botcho na vidonge vya Yodi hutangazwa kwenye nguzo za umeme, kwenye kuta na kwenye simu, kwa picha mbili za "kabla" na "baada". Hakuna mafuta ya kupaka yaliyothibitishwa kupenya ngozi na kujenga nyama pale tu unapotaka. Vidonge ni habari nyingine, kwa sababu vingine hufanya kazi, na hapo ndipo penye hatari. Katika miji ya Kongo dawa mbili zina sifa ya kunenepesha. Ya kwanza ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoamsha njaa na kuleta usingizi. Ndiyo iliyomo kwenye sirapu ya Apetamin iliyovuma mitandaoni mpaka Uingereza, ambako haijapewa kibali. Ya pili ni deksamethasoni, dawa nzito ya jamii ya steroidi, ambayo daktari huitoa kwa uvimbe mkali, mzio mkubwa au ugonjwa wa mapafu.

Deksamethasoni hunenepesha kwa namna yake yenyewe. Uso hujaa ukawa mviringo, tumbo na mabega huongezeka, huku misuli ya miguu ikipungua. Sukari hupanda na presha hupanda. Kubwa zaidi, tezi zilizo juu ya figo, ambazo kwa kawaida hutengeneza homoni ya namna hiyo, huona kazi imechukuliwa na mwingine zikalala. Mtu akitumia kwa miezi kisha akaacha ghafla, labda kwa kuishiwa pesa, mwili hubaki bila homoni hiyo ya kutosha: presha huporomoka, anatapika, anazimia. Akifikishwa zahanati wanaanza kumpima malaria. Kama ameona aibu kusema alichokuwa akimeza, hakuna atakayekisia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha vidonge pia.

Kuna njia zilizozuka pembeni. Kinshasa iliwahi kuzungumziwa kwa wanawake wanaojiwekea vipande vya Maggi, kiungo cha mchuzi, kwa njia ya haja kubwa wakiamini makalio yatajaa. Abidjan, mwaka 2008, wimbo wa dansi uitwao Bobaraba uliosifu makalio makubwa ulifuatwa na wimbi la dawa na sindano za mitaani. Sindano ndizo mbaya kuliko vyote. Silikoni ya maji ikidungwa moja kwa moja kwenye nyama haina mfuko wa kuizuia; hutawanyika, hushuka mpaka mapajani, huvimbisha, na ikiingia kwenye mshipa wa damu huweza kufika mapafuni ndani ya saa chache. Aliyeidunga hawezi kuivuta irudi kwenye bomba. Daktari wa upasuaji, hata aliye bingwa, hulazimika kukata nyama yote iliyolowa silikoni.

Masikio ya Timmie Jean

Kileleni mwa ngazi kuna kipandikizi chenyewe, na historia yake inaanzia Houston, Texas, mwaka 1962. Madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow walikuwa wametengeneza mfuko wa silikoni uliojazwa ute wa silikoni. Walimpata Timmie Jean Lindsey, mama wa watoto kadhaa aliyekuja hospitalini kufutwa chale za rangi kifuani. Wakamuuliza kama angependa kuongezewa matiti. Kwa maelezo yake mwenyewe baadaye, kilichokuwa kikimsumbua ni masikio yaliyochomoza. Akakubali ya kifuani kwa sharti kwamba na masikio yashughulikiwe. Mwanamke wa kwanza duniani kuwekewa kifaa hicho hakuwa amekiomba.

Kifaa kinafanya kazi hivi. Daktari hupasua chini ya titi, kwapani au pembezoni mwa chuchu, akatengeneza nafasi nyuma ya tezi ya maziwa au nyuma ya msuli wa kifua, akaingiza mfuko na kushona. Mwili hauwezi kuumeza mfuko huo wala kuusukuma nje, kwa hiyo huuzungushia ukuta wa kovu. Kwa wengi ukuta hubaki laini. Kwa wengine hukaza, titi likawa gumu na lenye maumivu. Mfuko unaweza kupasuka bila dalili yoyote, kwa sababu ute mzito hubaki palepale ndani ya kovu. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, husema waziwazi kwamba vipandikizi hivi si vya maisha yote: kadiri miaka inavyopita, ndivyo uwezekano wa kupasuliwa tena unavyoongezeka. Hushauri mwenye silikoni apigwe picha ya MRI au altrasaundi miaka mitano au sita baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu.

Shauri hilo likifika Malawi linakutana na hesabu nyingine. Mashine ya kwanza ya MRI nchini ilifungwa mwaka 2008, katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, na kazi iliyoileta ilikuwa utafiti wa malaria ya ubongo kwa watoto. Mwanamke wa Lilongwe aliyewekewa silikoni ng'ambo akirudi nyumbani anajiunga na foleni ambayo mbele yake kuna uvimbe wa ubongo na migongo iliyovunjika.

Vipandikizi vya makalio vina shida ya ziada ambayo haihitaji elimu ya udaktari kuielewa: mtu hukaa juu yake. Jeraha lililo karibu na njia ya haja huchafuka kwa urahisi, mshono hufumuka, na kifaa huweza kuhama upande. Ndiyo sababu madaktari wengi wameelekea kwenye kunyonya mafuta ya tumboni na kuyahamishia makalioni. Hakuna kitu kigeni kinachobaki mwilini, lakini sindano ikizama mno na mafuta yakaingia kwenye mishipa mikubwa ya makalio, huenda moja kwa moja kwenye moyo na mapafu. Uchunguzi wa kikosi cha madaktari uliotolewa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kifo kimoja huweza kutokea katika kila upasuaji 3,000 wa namna hiyo, kiwango cha kutisha kwa mtu aliyeingia hospitalini akiwa mzima.

Kiwanda kilichodanganya

Anayedhani hatari ni za mitaani tu aangalie Ufaransa. Kampuni ya Poly Implant Prothèse, PIP, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Jean-Claude Mas kusini mwa nchi hiyo, ilikuja kuwa mojawapo ya wauzaji wakubwa wa vipandikizi vya matiti duniani. Ili kupunguza gharama, iliacha ute uliokubaliwa kwa matumizi ya tiba ikatumia silikoni ya viwandani. Wakaguzi walioidhinishwa Ulaya walipita wakaondoka. Mwaka 2010 udanganyifu ukafichuka, bidhaa zikaondolewa sokoni, na mwaka uliofuata serikali ya Ufaransa ikawashauri wanawake wapatao 30,000 waliokuwa nazo nchini humo wazitoe. Desemba 2013 mahakama ya Marseille ilimhukumu Mas kifungo cha miaka minne.

Hesabu ya dunia nzima ilikuwa wanawake 300,000 hivi katika nchi 65. Huko Ufaransa serikali ilikubali kulipia utoaji. Katika nchi nyingi nyingine hakukuwa na orodha ya nani aliwekewa nini. Mwanamke aliyekuwa na kadi yenye jina la kampuni na namba ya kifaa aliweza kujua siku hiyohiyo kama habari ile inamhusu. Asiyekuwa na kadi aliambiwa asubiri aone kama patauma.

Miaka tisa baada ya udanganyifu huo kufichuka, ilikuwa zamu ya kampuni kubwa na halali. Julai 2019 Allergan iliondoa duniani kote vipandikizi vyake vya Biocell, vyenye ganda la kukwaruza, baada ya FDA kuvihusisha na saratani adimu ya mfumo wa limfu inayoota kwenye kovu linalozunguka kifaa. Hapa hapakuwa na ulaghai kama wa PIP, ila madhara yalichukua miaka kujionyesha, na mara nyingine tena kilichoamua nani apate taarifa mapema ni karatasi.

Afrika Mashariki inaingia kwenye soko hili sasa hivi, macho yakiwa wazi nusu. Mwaka 2022 Vera Sidika, nyota wa mitandaoni wa Kenya, alitangaza kwamba ameondolewa vipandikizi vya makalio kwa sababu za kiafya. Baadaye akasema ilikuwa mbinu ya kutangaza wimbo. Waliocheka walicheka, lakini wasichana waliokuwa wameanza kuuliza maswali ya maana kuhusu kutoa walibaki bila jibu. Mwishoni mwa 2024, Nairobi, mwanamke alifariki baada ya kunyonywa mafuta katika kliniki ya urembo, na baraza linalosimamia madaktari, KMPDC, likaifunga. Tanzania imechukua njia ya serikali: mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilitangaza upasuaji rekebishi unaojumuisha wa urembo, ikiwa tayari inaweka puto tumboni kwa wanaotaka kupunguza uzito. Puto hilo lina somo ndani yake, kwa kuwa tangu siku ya kwanza mgonjwa huambiwa kwamba lina muda wake, na kwamba atarudi kutolewa.

Mlango wa pili wa fani hiyohiyo

Upasuaji wa kurekebisha umbo una undugu wa siku nyingi na Afrika Mashariki. Mwaka 1957 shirika la AMREF lilianzishwa na madaktari watatu, wote wa fani hiyo: Archibald McIndoe, aliyejulikana kwa kuwajenga upya marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili, Michael Wood, aliyeishi na kulima kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na Thomas Rees, Mmarekani ambaye baadaye alikuwa mmoja wa madaktari mashuhuri wa urembo New York. Mikono iliyonyoosha ngozi za matajiri wa Manhattan ilikuwa pia imeshona midomo iliyopasuka ya watoto wa vijijini.

Lilongwe imeujua zaidi mlango huo wa pili. Hospitali Kuu ya Kamuzu ina wodi ya walioungua, iliyofunguliwa mwaka 2011, na wanaolazwa humo wengi ni watoto walioangukia moto wa jikoni au kumwagikiwa maji na uji wa moto. Mtoto aliyeungua kiwiko asipopata huduma mapema, kovu huvuta mkono ukajikunja, na hawezi tena kushika kalamu wala jembe. Daktari hukata kovu, hunyoosha kiungo, huchukua ngozi ya pajani na kuipandikiza. Kipandikizi hicho ni mwili wake mwenyewe. Hata hivyo hakimalizi kazi, kwa maana mtoto anakua na kovu halikui pamoja naye. Bila mazoezi na kurudishwa kliniki, mkono hujikunja upya. Ufundi wa daktari huhesabika pale tu mama anapopata nauli ya kurudi.

Mpaka unaochorwa kati ya "tiba" na "urembo" haukai sawasawa. Mwanamke aliyekatwa titi kwa saratani anapotaka silikoni, anataka urembo au tiba? Marekani ilijibu mwaka 1992: FDA ilipozuia silikoni kwa walioitaka kwa ajili ya umbo tu, iliwaachia waliokatwa titi, mpaka zuio lilipoondolewa mwaka 2006. Jibu la Dzaleka laweza kuwa la ukali zaidi, kwamba mwenye njaa hana haki ya kutamani. Wanaosema hivyo wasikilizwe kwa hoja moja tu, ya foleni: saa za chumba cha upasuaji cha umma ni chache, na mfupa uliotokeza nje hauwezi kusubiri nyonga. Zaidi ya hapo, tamaa ya mtu kuhusu umbo lake ni yake.

Msumari wenye masharti

Foleni hiyo ya mifupa ndiko kipandikizi kinakoonekana kikitumika ipasavyo. Paja likivunjika, tiba ya zamani, ambayo bado ipo katika hospitali nyingi za wilaya, ni kuvuta: pini hupitishwa kwenye mfupa chini ya goti, uzito unaning'inizwa mwisho wa kitanda, na mgonjwa analala chali wiki sita au zaidi. Malawi imekuwa ikiwafundisha maafisa tabibu wa mifupa tangu mwaka 1985, na wao ndio wanaoibeba kazi hiyo kwa sababu madaktari bingwa ni wachache. Kwa mwenye kabaza, wiki sita za kitanda ni wiki sita za watoto kula kwa kukopa.

Njia ya pili ni msumari mrefu wa chuma unaoingizwa katikati ya mfupa na kufungwa kwa skrubu. Hospitali za nchi tajiri huuweka zikiongozwa na mashine ya eksirei inayoonyesha picha papo hapo. Mwaka 1999 daktari Lewis Zirkle wa Richland, jimbo la Washington, alianzisha SIGN, shirika lililobuni msumari unaowekwa kwa kipimo cha mkono wa chuma unaoelekeza skrubu kwenye tundu lake, bila mashine hiyo. Hospitali ya Kamuzu ni miongoni mwa zinazoutumia. Hospitali hupewa misumari bure kwa sharti: daktari atume taarifa na picha za eksirei za kila aliyewekewa, na taarifa zikifika, misumari mingine hutumwa kujaza pengo.

Kipimo cha kupona ni chepesi na cha kiungwana. Mgonjwa akirudi kliniki huambiwa achuchumae, atabasamu, apigwe picha. Anayechuchumaa mpaka chini ataweza kutumia choo cha shimo, kupalilia na kufua. Anayetabasamu akiwa amechuchumaa haumii. Njia hiyo imechunguzwa na madaktari wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na inafaa mahali ambapo mgonjwa hana nauli ya kurudi mara nne, kwa sababu picha hiyo hata simu ya jirani inaweza kuituma.

Chuma chenyewe kwa kawaida huachwa humo maisha yote, na hutolewa tu kikileta usaha au maumivu. Lakini ipo rekodi ya nani anacho, kiliwekwa lini, na mfupa uliungana vipi. Kifaa cha msaada, kinachowekwa bure kwa mwendesha kabaza, kinafuatiliwa kwa karibu kuliko silikoni nyingi zilizonunuliwa kwa maelfu ya dola.

Vijiti na wembe wa kuvitoa

Vijiti vya uzazi wa mpango havikukusudiwa kubadili umbo, ingawa wapo wanaovilaumu kwa kunenepa na wapo wanaovisifu kwa hilohilo. Navileta hapa kwa sababu ndivyo vipandikizi ambavyo wanawake wa Malawi wanavijua kuliko vyote. Jadelle ni vijiti viwili vinavyokaa miaka mitano. Implanon ni kimoja cha miaka mitatu. Mwaka 2013 watengenezaji walikubali kushusha bei mpaka dola 8.50 kwa nchi maskini, na matumizi yakapanda haraka. Katika utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015 hadi 2016, wanawake 12 katika kila 100 walioolewa nchini Malawi walikuwa wakivitumia.

Kuviweka ni kazi ya dakika chache. Kuvitoa ni ustadi tofauti, hasa kijiti kikiwa kimezama kwenye nyama. Barani Afrika programu nyingi zilifundisha wahudumu wengi kuweka kabla ya kufundisha wa kutosha kutoa. Mwanamke anayetaka mtoto, au anayetokwa damu ovyo, anaweza kuambiwa arudi Alhamisi, kisha arudi mwezi ujao. Watengenezaji wa Implanon walitambua tatizo la kutafuta kijiti kilichopotea, wakakitia madini ya bariamu ili kionekane kwenye eksirei. Aliyeongeza unga huo alikuwa akimfikiria mtu wa pili, yule wa kutoa. Uzoefu huo wa vijiti ndio darasa ambalo dada msusi anaweza kulipata bila kwenda mbali, akiwauliza tu wateja wake: nani alipata shida kuwekewa, na nani alipata shida kutolewa?

Mwili unaohamishwa

Mkimbizi ana sababu ya ziada ya kuuliza. Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kwa kuweka vizuizi, vikiwemo vya kazi na vya kutembea, na sera yake ni kwamba mkimbizi aishi kambini. Waliofungua maduka Lilongwe waliamriwa Machi 2023 warudi Dzaleka, na Mei mwaka huo polisi wakapita mitaani kuwakusanya. Baadhi walipitishwa kwanza katika gereza la Maula, watoto wao wakiwemo. Mtu aliyekuwa na daktari mjini aliamka akiwa hana daktari.

Kutoka kambini, rufaa huanzia kituo cha afya cha Dzaleka, ikaenda hospitali ya wilaya ya Dowa, kisha Kamuzu. Hakuna hatua katika njia hiyo iliyotengewa silikoni iliyopasuka. Wengine huhamia mbali zaidi: aliyeondoka kwenda Kanada au Australia kwa makazi mapya anaufikisha mwili wake kwa daktari asiyejua Kichewa wala Kiswahili, na aliyekuwa akisubiri kwenda Marekani alijikuta Januari 2025 safari zimesimamishwa. Kila mara kitu kilichomo mwilini kinasafiri au kinabaki, na aliyekiweka hayupo.

Kwa hiyo jibu kwa anayeuliza bei lina sehemu mbili. Bei ya kuweka ni ile utakayotajiwa. Bei ya pili ni ya vipimo vya miaka ijayo, ya kurudi kupasuliwa, ya nauli na vibali, na ya mtu atakayekubali kurekebisha kazi ya mwenzake. Mwenye uwezo wa kulipa zote mbili ana haki ya kuamua kuhusu mwili wake. Mwenye uwezo wa kulipa ya kwanza tu anauziwa nusu ya kitu, na kigodoro cha sokoni kitamfaa zaidi.

Malawi ina chombo kimoja kinachoweza kusaidia, na tayari kimo mikononi mwa wagonjwa: kile kijitabu kiitwacho pasipoti ya afya, ambacho mtu hukaa nacho mwenyewe na kukipeleka kila anapotibiwa. Vipandikizi halali huja na stika zenye jina la mtengenezaji, aina ya kifaa na namba ya toleo. Stika moja hubandikwa kwenye faili la hospitali na nyingine ni ya mgonjwa. Ibandikwe kwenye kijitabu hicho, pamoja na tarehe, upande wa mwili, na jina la daktari. Vijiti viandikwe, msumari uandikwe, silikoni iandikwe, na mhudumu wa zahanati aulize habari zake bila kukunja uso, sambamba na vidonge vya kunenepesha. Na anayekwenda kuwekewa chochote, iwe Lilongwe, Nairobi au Istanbul, aombe stika kabla ya kulipa. Kliniki isiyotaka kukuandikia namba ya kitu inachokuwekea imekwishakuambia kwamba siku kikiharibika haitakuwepo.